Nilijenga Nyumba za Ndege, Wakaja Nyuki

Kama uko kwenye benchi la hospitali, umekumbatia bahasha ya eksirei na jina lako halijaitwa, jua kwanza kwamba hao waliokutangulia nao wanaogopa, ila wamezoea benchi. Mimi nililikalia karibu mwaka mzima. Sitakueleza habari za seli na damu, maana nilielezwa mara nyingi na sikuzielewa. Nitakueleza yaliyonipata mimi, Mumbua, fundi wa cherehani wa Kitengela, mama yake Ndinda na mke wa Mutua seremala. Na kwa kuwa itabidi usikie habari za kutapika, nitakuwekea nyuki kidogo ucheke.

Ilianza wakati wa baridi ya Julai, ile inayovuka uwanda wote wa Kitengela bila kuzuiwa na mti, ikaja kuingia chini ya mlango wako. Watu walikuwa wamejifunika blanketi mbili mbili, mimi naamka shuka limelowa jasho. Nikasema ni malaria. Kisha nikaanza kujikuna miguu mpaka ikajaa michirizi. Nikasema ni maji ya kisima, yana chumvi. Sisi wanawake wenye kazi nyingi ndivyo tulivyo, kila dalili tunaipa jina dogo ili isitusumbue. Siku moja nilikuwa nampima mama mmoja gauni la harusi ya bintiye, akaniangalia kwenye kioo akauliza, "Mama Ndinda, hiyo shingo yako iko na nini?" Nikashika. Palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la kanga, hauumi hata kidogo. Nilimaliza kumpima kiuno na urefu, nikamsindikiza mlangoni, ndipo nikakaa chini.

Nairobi walikata kipande wakakipima, tukangoja majibu mpaka nikachoka kuogopa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni saratani ya tezi, na kwamba katika saratani zote hiyo si mbaya sana.

"Si mbaya sana ni kusema nini?" Mutua akauliza.

"Ni kusema tunaanza dawa," daktari akajibu. "Sindano sita, kila mwezi moja. Asizikatize katikati."

Tangu siku hiyo miezi ilipoteza majina yake. Nilihesabu kwa sindano. Ya kwanza ilikuja na mvua fupi, barabara za Kitengela zikiwa tope jeusi linalovua watu viatu. Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu na wagonjwa wenzangu waliiita soda. "Leo unakunywa soda?" tuliulizana kwenye benchi. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyejaza chupa maji moto, akaizungushia taulo na kunipa niibane mkononi mpaka mshipa utokeze. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Mpaka leo nikikumbuka hospitali ile namkumbuka yeye kabla ya sindano. Nyumbani nilitapika siku mbili, ugali ukawa na ladha ya msumari, na mkojo ukawa mwekundu hivi kwamba Ndinda aliyeingia chooni baada yangu alipiga kelele akidhani nakufa.

Baada ya sindano ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Hazikutoka zote. Zilitoka kwa viraka, kama shamba lililopaliliwa na mlevi. Nikafunga leso kichwani na sikuifungua mbele ya mtu, hata mume wangu. Mutua ni mtu wa maneno mengi. Kule kwenye kibanda chake kando ya barabara ya Namanga, mteja akija kununua kitanda anaondoka na kitanda pamoja na hadithi. Sasa akawa kimya. Akinipa chai anaangalia kikombe. Usiku analala amegeukia ukuta. Nilimkasirikia sana, nasema ukweli. Nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa anaogopa na hakujua pa kuuweka woga wake.

Ya tatu ilichukua vidole. Vilikufa ganzi kwenye ncha, nikawa nashika vitu kana kwamba nimevaa glavu. Nilikuwa nashona shati la shule, jeupe, nikaona doa jekundu linakua juu ya kola. Sindano ya cherehani ilikuwa imeingia kidoleni mpaka ndani, sikusikia chochote. Daktari aliniambia ganzi hutoka kwa wengi, polepole, lakini hakuweza kuniahidi. Nikafunika cherehani kwa shuka kama unavyofunika maiti. Kufa nilikuwa nimeanza kuzoea kidogo kidogo, lakini kuishi bila mikono sikujua kunafanywaje.

Wageni nao hawakunisaidia. Walikuja na soda na mikate, wakaniombea, kisha wakaanza kunisimulia shangazi zao waliokufa kwa ugonjwa huohuo. Nilichoka kutembelewa. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa na desturi ya kwenda kila mwezi kwenye nyumba ya wazee ya masista, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kupeleka sabuni na sukari. Nikawaambia Januari hii naandamana nanyi. Nilitaka nami niende nikamtazame mtu kitandani.

Huko ndiko nilikompata Koko Nashipai; "koko" kwa Kimaa ni bibi. Alikuwa bibi mwembamba wa Kimaasai, kichwa kimenyolewa kikang'aa, masikio yametoboka na kuning'inia, kitanda chake kando ya dirisha. Miguu ilikuwa imekataa kazi zamani.

"Takwenya, koko," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia kwa Kimaa, akaniangalia toka chini hadi juu. "Wewe ni mgonjwa."

"Ndiyo, koko."

"Mimi si mgonjwa. Mimi ni mzee tu. Mgonjwa ni hii dirisha."

Nikachungulia. Nje kulikuwa na ua wa vumbi, tangi la maji na migunga mitatu.

"Nyumbani asubuhi naangalia ng'ombe ikitoka," akasema. "Jioni naangalia ikirudi. Hapa hakuna kitu inatoka, hakuna kitu inarudi."

Maneno hayo yalinifuata hadi Kitengela. Hata mimi nilikuwa na dirisha la namna hiyo. Kibandani kwa Mutua kulikuwa na sanduku lenye tundu mbele, nyumba ya ndege aliyoagizwa zamani na mama mmoja mwenye shamba karibu na mbuga, akahama kabla ya kuichukua. Mutua aliweka misumari humo. Nikaimwaga misumari mezani.

"Nifundishe kutengeneza hii," nikamwambia.

"Na hivyo vidole?"

"Kwa sababu ya hivyo vidole."

Siku ya kwanza nilipiga nyundo vidole zaidi ya nilivyopiga misumari, na ubaya ni kwamba sikusikia, nikaendelea. Mutua alininyang'anya nyundo, akatembea huku na huku, kisha akaleta kibanio cha nguo. Msumari ukabanwa na kibanio, mkono wangu ukakaa mbali kwenye mkia wake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba kunisemesha zaidi ya sentensi moja. Tulitumia vipande vya saiprasi vilivyobaki kwenye milango. Tundu lilitosha yai la kuku kupita. Siku mbaya nililala, siku nzuri nilipigilia, na kabla ya sindano ya nne nilikuwa na masanduku ya kutosha madirisha yote ya upande wa Koko.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mbao za saiprasi hupasuka kwa jua la Kajiado, na dawa yake naijua tangu utotoni. Baba yangu alikuwa na mizinga ya nyuki huko Kibwezi, na mzinga mpya aliupaka nta. Nikaagiza nta kwa ndugu yangu, nikaiyeyusha, nikapaka masanduku nje, nikapaka ndani, nikapaka hadi kwenye tundu, nikaona nimefanya kazi safi. Mutua akanisifu. Februari tukayafunga kwenye migunga mbele ya madirisha, wazee wakitutazama. Mzee Sankale, aliyekuwa na fimbo, redio na maoni juu ya kila jambo, aliuliza, "Ndege iko na nyumba yake. Nani aliita fundi?" Lakini kesho yake, Sista Benedeta msimamizi akanieleza kwa simu, mzee alihamisha kiti chake kikakaa kuelekea mgunga.

Sindano ya nne ndiyo ilinivunja. Nilitapika mpaka sikuwa na la kutapika, mdomo ukajaa vidonda, nikawa nabebwa kupelekwa chooni. Nilipopata nguvu za kukaa nilimwambia Mutua kwamba ya tano siendi.

"Zimebaki mbili," akasema.

"Basi uende wewe."

Mutua hakuwa amewahi kunipigia kelele tangu tuoane. Siku hiyo alinipigia, na mimi nikamjibu kwa matusi ambayo sikujua ninayajua. Ndinda, aliyekuwa kidato cha pili, alichukua vitabu vyake akaenda kwa jirani. Sikutishia. Nilikuwa nimeamua kabisa, na yeyote aliyepitia anaelewa. Si kwamba nilitaka kufa, nilitaka tu pasiwe na siku nyingine kama zile.

Machi ikafika, mvua ndefu zikaanza kunukia, na siku moja kabla ya tarehe ya sindano nilikuwa kitandani nimegeukia ukuta, zamu yangu sasa. Simu ya Mutua ikalia. Nilimsikia Sista Benedeta kutoka upande wa pili wa chumba.

"Mwambie Mama Ndinda hizi ndege zake zinauma watu!"

Nikakaa. Nikaiona nta. Nikaona mkono wa baba yangu ukipaka mzinga, na sababu yenyewe aliyonieleza nikiwa mtoto nimeshika sufuria: nyuki wakisikia harufu ya nta wanajua hapo ni kwao. Mkamba mzima, binti ya mwenye mizinga, nimepaka nta ndani ya sanduku lenye tundu, nikalitundika mtini, halafu nangoja ndege! Nilianza kucheka na mbavu zikaniuma.

"Si ndege, ni nyuki wakali hao," nikamwambia Mutua. "Watawaua wazee. Tafuta gari."

"Wewe unalala. Nitaenda mimi."

"Utaenda kufanya nini?" Mutua ni Mkamba wa mjini Machakos. Asali anaijua ikiwa ndani ya chupa.

Tuliazima pikapu ya jirani. Kajiado tulikuta madirisha yote yamefungwa, wazee wamejaa ndani kwa joto, na Sista Benedeta mdomo wa juu umevimba hivi kwamba alizungumza taratibu kuliko kawaida yake. "Kesho zote zitoke," alisema. "Nyuki, ndege, sitaki hata moja." Makundi mawili yalikuwa yameingia, moja kwenye sanduku la Koko na jingine kwa Mzee Sankale.

Nikakaa kwenye kiti nikawa mkubwa wa kazi. Samadi kavu ya ng'ombe ndani ya mkebe, iwashwe itoe moshi bila ndimi za moto. Tungoje jua lizame, nyuki warudi wote. Kisha kitambaa kwenye tundu, kamba ikatwe, sanduku lishuke polepole kama mtoto aliyelala. Mutua alipanda ngazi amevaa koti la mvua la sista mmoja. Mimi nilishika ngazi chini. Sanduku la kwanza likashuka salama. La pili, kabla hajaziba vizuri, nyuki mmoja akateremka moja kwa moja hadi ndani ya leso yangu.

Nikaivua leso nikaitupa. Nikajipiga kichwa, nikaruka, nikaumwa shavuni. Nilipotulia nilimwona Mutua juu ya ngazi ananiangalia. Alikuwa hajakiona kichwa changu tangu nifunge leso, na sasa kilikuwa wazi chini ya mwanga wa jioni, viraka vyote.

"Mumbua," akasema. "Unafanana na kifaranga imetoka kwa yai saa hii."

Akacheka. Nikacheka. Ngazi ikatikisika, nyuki wakanguruma ndani ya sanduku, tukazidi kucheka mpaka Mutua akaanza kulia huko juu amekumbatia mgunga wenye miiba. Alishuka akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kile kichwa kibaya, akakaa hivyo.

Dirisha likafunguka. "Kuja hapa," Koko akaniita.

Nikaingia ndani kama nilivyokuwa, leso imebaki vumbini.

"Nani alikunyoa vibaya hivi?"

"Ni dawa, koko."

"Imeanza, haijamaliza." Akanivuta nikae kitandani. "Mimi nilinyolewa nikiolewa. Nikizaa, nikanyolewa. Kijana yangu akitoka umorani, mimi ndio nilimnyoa ile nywele yake ndefu, akalia kama mtoto. Mtu ananyolewa akianza kitu mpya. Wewe ulifikiria unanyolewa ya kufa?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, wala mimi mwenyewe. "Nilikuwa nimeamua kuacha," nikasema. "Zimebaki mbili."

"Moran akikaa kwa ngozi ya ng'ombe anyolewe, anaweza kuinuka kichwa ikiwa nusu?"

"Hawezi."

"Watu wangemcheka mpaka azeeke. Kaa chini."

Akaagiza maziwa na wembe. Sista Benedeta, ambaye pia ni muuguzi, alikataa wembe kata kata, maana mtu wa dawa zile akikatwa hata kidogo kidonda kinaweza kumletea balaa. Wakakubaliana mkasi. Mutua ndiye aliyekata viraka vyote karibu na ngozi, na Koko akamimina maziwa kwenye kiganja akanipaka kichwa kizima, polepole, akisema maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa ila "Enkai", Mungu. Niliyasikia maziwa ya baridi yakiteremka nyuma ya shingo, pale pale penye uvimbe.

Kesho yake nilikalia benchi Nairobi, kichwa wazi, shavu limevimba. Mwenzangu akauliza imekuwaje, nikamweleza, na benchi zima likacheka hadi karani akatoka kuona kuna nini. Nikanywa soda yangu ya tano. Nilitapika vilevile, vidonda vilirudi vilevile, sitakudanganya. Lakini sikuwa nimegeukia ukuta tena.

Nyumba za ndege zilibaki. Sista alijaribu kuziondoa, ila Koko alisema dirisha lake lisiguswe, na Mzee Sankale akatangaza kwamba yeye akiumwa na nyuki ameumwa na mali yake. Nyuki tuliwapeleka mbali, mwisho wa shamba karibu na mto mkavu, na masanduku tukayatengeneza upya bila nta hata tone. Aprili mvua ilipokolea walikuja shomoro, midomo imejaa majani makavu. Baada yao wakaja wale ndege wa buluu inayometameta, tumbo rangi ya kutu, wenye kelele kama watu wa sokoni. Wazee walianza kuamka mapema. Waligawana ndege kwa alama na tabia, kama mifugo, wakawahesabu wakitoka na wakirudi. Jike mmoja alipohama kutoka sanduku la Mzee Sankale kwenda la jirani yake, Mzee Sankale alidai mbuzi wa mahari, na kesi hiyo ilimfikia hata padri. Sista Benedeta aliniita pembeni akaniuliza kama ninaweza kutengeneza mengine kwa madirisha ya upande wa pili.

Sindano ya sita Mutua aliingia nami ndani badala ya kungoja nje. Aliishika ile chupa ya maji moto mkononi mwangu, akamsimulia muuguzi habari ya nyuki tangu mwanzo, akaongeza nyuki wengine. Halafu tukangoja picha, tukangoja majibu. Julai, baridi ikiwa imerudi, yule daktari kijana alinipapasa shingo pande zote, akasoma karatasi, akasema haoni kitu, nirudi baada ya miezi mitatu. Nje Mutua alinunua mahindi ya kuchoma tukala tumesimama, na yalikuwa na ladha ya mahindi.

Jumamosi hiyo nilikwenda Kajiado kumwambia Koko. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia nilete maziwa yaliyopashwa moto na wembe.

"Mimi nywele imekuwa kama ya msichana," akalalamika. "Sista ananyoa na haraka. Leo nataka wewe."

"Koko, vidole vyangu bado havijapona. Nitakukata."

"Ukinikata nitasema."

Nikamfunika shuka mabegani, nikampaka maziwa, nikaanza kutoka paji la uso kurudi nyuma, mkono wa kushoto ukitangulia na wembe ukifuata. Nilikwenda polepole sana. Koko alikuwa ameangalia dirishani akihesabu kwa Kimaa. Nilipofika juu ya sikio la kulia, kidole changu kilisimama.

"Koko, hapa una kovu."

"Wapi? Hakuna kovu."

"Liko hapa. Dogo, limepinda."

Akaacha kuhesabu. "Hiyo ni ya ndama," akasema. "Ilinipiga nikiwa mtoto mdogo. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Umeionaje?"

Sikuwa nimeliona. Nywele nyeupe na maziwa vilikuwa bado vimelifunika. Nililigusa tena kwa ncha ya kidole, kisha kwa kidole kingine, na kingine, na vyote vililisikia, na joto la kichwa chake pia. Nilisimama pale nikilia kwa furaha, Koko akaniuliza kama nimemkata. Nikamwambia hapana, nikafuta macho kwa mkono wa sweta, nikaendelea kunyoa.